Kitufe cha Watu Wenu

Watu wa Mazwi, mtaa wetu pale Sumbawanga, walikiita kompyuta. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kuiona kompyuta kwa macho yake, kwa hiyo hakukuwa na wa kubisha. Kilikuwa kisanduku cheusi cha bati, kirefu kuliko tofali kidogo, chenye vitufe vilivyojipanga mstari mmoja na kitaa chekundu cha kuonyesha namba. Wanaume wazima, wenye wake na mashamba, walikuja ukumbini mchana kweupe kukitazama kikiwa kimekaa tu chini, hakijaunganishwa na kitu chochote. Walivua kofia kukitazama. Nimewaona watu hao hao wakiingia kanisani kwa heshima pungufu ya ile.

Mwenye kisanduku alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi yetu, na mimi nilikuwa mwimbaji wa bendi hiyo hiyo, kwa hiyo nililazimika kusimama hatua mbili kutoka kwake kila Jumamosi na kuvumilia.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipoacha kila mtu auze anachotaka. Bosi wetu alianza na mitumba, akahamia kwenye mahindi biashara ya mahindi ilipofunguliwa, akapata malori yaliyoshusha magunia bandarini Kasanga na kurudi na samaki wakavu na vitu vya Zambia. Akajenga ukumbi. Ukumbi ulipokamilika akaona uko kimya, akanunua bendi kama mtu anavyonunua seti ya makochi: hakujua chochote kuhusu makochi, alitaka tu wageni wayaone. Na kwa sababu makochi ya hapa hapa Sumbawanga yalimtia aibu, akaagiza mpiga solo kutoka Dar es Salaam.

Alishuka kwenye basi akiwa na fulana isiyo na mikono, mwezi wa saba, kwenye baridi yetu ile inayopasua midomo. Alitetemeka siku nzima kwa maringo. Alisema amepiga na bendi zote kubwa za huko. Ukimuuliza zipi, alikutabasamia kwa huruma na kukutazama viatu. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, kutazama viatu. Kabla hajakujibu salamu alikuwa ameshakupima kuanzia chini, na ungejua kwa jinsi alivyoitikia kama viatu vyako vimefaulu.

Nieleze kisanduku kilifanya nini, maana sitaki mtu adhani nakichukia kwa kutokukielewa. Mpiga gitaa la umeme anaweka chini pedali, vile vikopo vya chuma vya kukanyaga kwa mguu, kila kimoja na kazi yake. Kimoja kinaleta mwangwi. Kimoja kinaikwaruza sauti mpaka inakoroma. Kimoja kinailiza kama mtoto aliyenyimwa kitu. Kimoja kinaitanua mpaka gitaa moja lisikike kama matatu. Ukitaka mwangwi na mkoromo pamoja, unakanyaga viwili. Ukitaka kuviacha na kuchukua vingine, unakanyaga tena kimoja kimoja, unarukaruka pale mbele za watu kama aliyeingia kwenye siafu. Sasa, nyaya za pedali zote ziliingia kwenye kile kisanduku. Unakaa siku moja na kukifundisha: kitufe hiki, washa hizi na zima zile, kitufe kile, washa zile. Kinakumbuka. Baada ya hapo unabonyeza mara moja tu kwa kidole cha mguu, na pedali zote zinajipanga zenyewe. Ni kitu cha akili, sikatai. Aliyekitengeneza alikuwa mtu wa maana. Tatizo ni nani aliyekifundisha.

Mtu mwingine angekifundisha kwa nyimbo: wimbo huu sauti hii, wimbo ule sauti ile. Yeye alikifundisha kwa watu.

Ilikuwa hivi. Katika ukumbi ule, mtu mkubwa akiingia wakati tunapiga, bendi ilimsalimia. Hatukusimama, gitaa liliinuka tu, likamzunguka, nami nikatupia jina lake kwenye wimbo. Hiyo ilikuwa desturi hata kabla yake. Yeye akaifanyia mpango. Siku ya mazoezi alituita wote tuzunguke kisanduku chake, akaanza kutusomesha.

"Sikilizeni, washikaji. Hiki cha kwanza ni cha bosi. Mwangwi mrefu, magitaa matatu, kila kitu kiko juu. Akiingia tu, ukumbi mzima unajua kaingia. Hiki cha pili ni cha wakubwa wa serikali. Hiki wafanyabiashara. Hiki mapadri, nimekipoza, kinakuja kama kinanda cha kanisani."

Alivibonyeza kimoja baada ya kingine huku akituchungulia usoni kuona kama tumeshangaa. Mpiga besi alishangaa. Mpiga ngoma alishangaa zaidi, mpaka mdomo ukabaki wazi.

"Na hicho cha mwisho?" nikauliza.

Akakibonyeza. Pedali zote zikazima. Akagusa uzi mmoja, ikatoka sauti ya gitaa tupu, kavu, bila pambo lolote.

"Hiki hakina kitu," akasema. "Hiki cha watu wenu."

"Watu wetu gani?"

"Hao wa kutoka shamba, dada. Wanaokuja na matope miguuni. Hao hata ukiwagongea sufuria watacheza. Ya nini kuichosha mashine?"

Mpiga ngoma, Mfipa aliyezaliwa kijiji cha jirani na chetu, ambaye mama yake alikuja mjini kila Jumapili kwa miguu, alicheka kuliko wote. Mimi nilisonya. Msonyo wangu hakuusikia mtu, kwa sababu alikuwa amesharudi kwenye kitufe cha bosi.

Mama yangu alikuwa mmoja wa hao wenye matope miguuni. Alilima mahindi na ulezi juu kule kwenye uwanda, na msimu wa kupura ulezi wanawake wa kijiji walimwita yeye aanzishe nyimbo. Aliimba mstari mmoja, wao wakamjibu wakiteremsha fimbo, akaimba mwingine, wakamjibu. Bila yeye fimbo zilipishana na kazi ikalegea. Sauti ninayoimbia niliitoa kwake. Sikufundishwa; nilibebwa mgongoni mwake huku akiimba, nikaipata kupitia mbavu zake.

Nilipoingia bendi hakunikataza. Ningependa angenikataza. Alifanya kibaya zaidi, hakuuliza. Nikienda nyumbani alinipikia ugali wa ulezi na maharage, akaniuliza habari za kifua changu, za kodi ya chumba, za kaka yangu, za bei ya sabuni mjini. Kazi yangu aliipita pembeni kama watu wanavyopita pembeni mwa mlevi aliyelala njiani. Kwake yeye binti aliyeimba ukumbini ni binti wa baa, na jambo la namna hiyo mtu hulinyamazia.

Halafu masikio yake yakaanza kumwacha. Aliugua homa kali, akapona, lakini tangu hapo ukimwita kwa nyuma hakugeuka. Hospitali wakamwambia hayatarudi, tena yatazidi, na mvua zijazo huenda asisikie hata kengele ya kanisa. Aliniambia haya akichambua maharage, kwa sauti ileile aliyoniambia bei ya chumvi. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi la mbuzi.

Kuanzia siku ile nilikuwa na haja moja tu duniani: mama anisikie nikiimba kabla masikio hayajafunga. Sikutaka anisifu. Nilitaka asikie sauti yake mwenyewe ikitoka kwangu, ajue haikupotea.

Nafasi ilikuja kwa kaka yangu. Alikuwa dereva wa lori la bosi, na alipotaka kuoa, bosi akampa ukumbi na bendi, kwa ukarimu ambao alihakikisha kila mtu anausikia. Mama asingeweza kukosa harusi ya mwanawe. Angekuja ukumbini, apende asipende, na angeingizwa na wanawake wa ukoo kama ilivyo ada. Nikapanga kwamba akiingia tu, niimbe wimbo wake wa kupura ulezi.

Ilibaki kumwomba yule bwana wa kisanduku.

"Kaka," nikamwambia, "mama yangu hasikii vizuri. Mwangwi ukiwa mwingi maneno yanamezana, anapata ngurumo tu. Nakuomba siku hiyo unitafutie sauti nyepesi, iliyo wazi."

"Wimbo gani?"

Nikamwimbia kidogo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, nikadhani imemgusa. Kumbe alikuwa anatazama viatu vyangu.

"Wimbo wa kupura ulezi," akasema. "Dada, hii mashine imetoka Japani."

Nilimbembeleza. Nalisema hili kwa kinyongo mpaka leo, kwamba mtu kama mimi nilimbembeleza mtu kama yule, nikamwita kaka mara nyingi kuliko nilivyomwita kaka yangu wa kuzaliwa naye. Akasema ataona.

Siku ya harusi tulitoka kanisani jua likiwa bado juu, upepo unapeperusha vumbi. Ukumbi ukajaa. Bosi aliingia wa kwanza, na kitufe cha kwanza kikabonyezwa, na ninachoweza kusema ni kwamba nilifungua mdomo na sikujisikia. Ilikuwa kama kuimba ndani ya pipa linaloviringishwa mlimani. Watu walipiga vigelegele. Padri akaingia, akapata kinanda chake, akatabasamu kwa wasiwasi. Mke wa mkubwa mmoja wa serikali akaingia peke yake, na mpiga solo akahangaika kidogo, maana hakuwa amekifundisha kisanduku kama mke anahesabiwa pamoja na mumewe.

Kisha akaingia mzee mmoja wa Kisukuma, wa wale waliohamia kwetu na ng'ombe zao, amevaa koti kuukuu na katambuga za tairi. Mpiga solo akazitazama katambuga, mguu wake ukaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha mwisho. Wakati huo huo bosi akainuka, akaenda kumkumbatia mzee kwa mikono miwili, kwa sababu yule mzee na katambuga zake angeweza kuununua ukumbi, bendi na bosi mwenyewe kwa ng'ombe wa zizi moja. Mguu ukarudi mbio kwenye kitufe cha kwanza. Katika miaka yangu yote ya bendi sijafurahi kama nilivyofurahi dakika ile, na kufurahi kwenyewe kulinitia uchungu, maana nilijua anayefuata ni nani.

Mama aliingia katikati ya wanawake. Alivaa kitenge kipya na viatu vya plastiki, na vumbi la njia lilikuwa limemfika kwenye mashavu ya miguu, kwa kuwa alikataa kupanda lori la kaka. Alisema hawezi kwenda kwenye harusi ya mwanawe kama gunia. Alitazama chini. Alikuwa ameingia baa, kwa mawazo yake, na alikuwa amejiandaa kuvumilia.

Mpiga solo akamtazama viatu. Hakuwa na haja ya kumtazama zaidi. Mguu ukaenda mwisho wa mstari, ukabonyeza.

Pedali zote zikazima. Ukumbi ulipungua kelele ghafla, watu wakageuka wakidhani kitu kimeharibika. Nilitaka kulia kwa hasira, kwamba mbele ya ukoo wetu wote amempa mama yangu kile kitufe. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikaanza wimbo.

Na nikajisikia. Kila neno lilisimama peke yake. Lile gitaa kavu likanijibu, noti fupi fupi, palepale ambapo wanawake wangeteremsha fimbo zao. Hapa lazima niseme kweli ingawa inanikera: alijua kupiga. Bila mwangwi wa kujificha nyuma yake vidole vyake vilibidi vifanye kazi, na vilikuwa na adabu ambayo mwenyewe hakuwa nayo. Alikuwa amejifunza mahali fulani kwenye gitaa bovu lisilo na kitu, kama sisi wote, kabla hajapata la kujivunia.

Mama akasimama. Wanawake waliomshika wakasimama naye. Akageuza upande wa sikio lililobaki na nguvu, akakaa hivyo, midomo ikaanza kutembea. Alikuwa anajibu, kimya kimya, pamoja na gitaa. Halafu akainua uso, akanitazama mimi, sio chini, sio ukutani, akanitazama mimi binti wa baa, na nilipomaliza mstari akauchukua unaofuata yeye. Aliuimba kwa sauti nzima, ile ya mavunoni. Nikanyamaza, nikawa wa kujibu. Wanawake wa ukoo wakajibu nami. Mama yangu aliongoza wimbo wake kwenye ukumbi wa bosi mpaka mwisho, na gitaa lilimfuata bila kumkanyaga hata mara moja.

Ulipokwisha hakwenda kukaa. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya jukwaa, mbele ya yule bwana, akapiga magoti, akaanza kupiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kichwa kimeinama. Kwetu hayo sio makofi ya kushangilia. Ni heshima. Mwanamke wa umri wake humfanyia mkwe, au mtu aliyemtendea jambo kubwa. Ukumbi mzima wa Wafipa ulielewa.

Yeye alimtazama mama, akanitazama mimi, akamtazama mama tena. Mwanamke wa shamba, amepiga magoti, mikono mbele. Akatia mkono mfukoni, akatoa noti, akaiweka kwenye viganja vyake. "Haya, mama," akasema. "Inatosha."

Alidhani anaombwa.

Nilikuwa na kipaza sauti mkononi, kizito, cha chuma. Nilijua hasa mahali pa kukiweka kwenye kichwa chake. Kilichonizuia ni uso wa mama. Aliipokea noti kwa mikono miwili, akapiga makofi tena, akainuka akitabasamu kama bibi harusi, akaenda kukaa karibu na mama wa padri.

Jioni nilimsindikiza. Tulitembea, kwa sababu lori bado alilikataa. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwambia kila kitu: kile kitufe ni cha akina nani, na ile noti ilikuwa na maana gani. Nilitaka amdharau pamoja nami. Nilikuwa nimechoka kumdharau peke yangu. Lakini yeye akaanza.

"Kumbe ndiyo kazi yenyewe," akasema. "Kumbe unaimba."

"Ndiyo, mama."

"Nimekusikia."

Nikamshika mkono. Tulitembea kidogo.

"Na yule kijana wa gitaa amelelewa. Wakubwa wote walioingia tukiwa tunangoja mlangoni aliwapigia makelele tu. Mimi akanipigia gitaa." Akashika pindo la kitenge ambamo alikuwa ameifunga ile noti. "Halafu akanipa na zawadi. Mtoto wa watu, hata hanijui."

Nikafunga mdomo wangu. Sijawahi kufunga mdomo kwa nguvu namna ile, maana mimi si mtu wa kufunga mdomo.

Jumapili ile alinunua mshumaa kwa ile noti, akauwasha mbele ya Bikira Maria, akamwombea. Mshumaa mzima, kwa ajili ya yule.

Nilimwambia mwenyewe, siku moja wakati wa mazoezi. Sijui nilitegemea nini. Nilisema, "Mama yangu anakuombea kanisani."

Alikuwa amechuchumaa, anafuta vumbi kwenye kisanduku kwa kitambaa laini. "Mama yako yupi?" akauliza.

Hakuwa anatania. Alikuwa amesahau kabisa. Mvua zilipoanza akaondoka, akaenda Mbeya na kompyuta yake kwa bosi mwingine mwenye malori mengi zaidi, na bosi wetu akaagiza mwingine, mwenye vitufe vingi zaidi. Sikuwahi kuisikia tena sauti ile kavu ukumbini. Hakuna mpiga solo aliyeona sababu ya kuitumia.

Na mvua zile zile ndizo zilizoyafunga masikio ya mama, kama walivyosema hospitali. Siku hizi anazungumza kwa sauti ya juu kama wafanyavyo wasiosikia, na wakati wa kupura ulezi bado anaanzisha nyimbo, akitazama fimbo zikishuka ili ajue amejibiwa. Nikifika nyumbani ananiuliza kazi yangu kwanza, kabla ya kifua na kabla ya sabuni. Kisha ananiuliza, akipaza sauti mpaka majirani wanasikia, kama yule kijana mwenye heshima hajambo.

Bado namdharau. Sijaona sababu ya kuacha. Lakini namwinamia mama karibu kabisa na sikio, ingawa najua halipati kitu, natikisa kichwa kwa nguvu ili aone, na midomo yangu inasema polepole aisome: "Hajambo, mama. Anakupa shikamoo."

"Marahaba," anasema mama, na anapiga yale makofi ya taratibu.